Jinsi ya Kuisoma Hachibaki ya Michezo kwa Zama Zake

Mtu anayetaka kununua hachibaki ya michezo, au anayetaka tu kuelewa kwa nini gari dogo la mwaka 1984 lenye nguvu farasi 105 bado linasifiwa na watu waliokwisha kuendesha magari yenye nguvu mara tatu ya hizo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza lina nguvu farasi ngapi. Swali hilo si baya, ila halistahili kutangulia. Katika muda wa miaka hamsini nguvu za magari haya zimeongezeka karibu mara nne, lakini raha ya kuyaendesha haikuongezeka kwa kiasi hicho, na sababu inaonekana waziwazi ukiyasoma kwa utaratibu huu: kwanza uzito, kisha njia ambayo nguvu inapita hadi kufika barabarani, na mwisho kabisa wingi wa nguvu yenyewe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo ukiwa umesimama kando ya gari, na baadaye ukiwa umeshika usukani.

Hachibaki ni gari dogo ambalo buti lake halikutokeza nyuma, na ambalo mlango wake wa nyuma hufunguka kwenda juu pamoja na kioo. Huwa ya michezo pale mtengenezaji anapolichukua gari lile lile la kila siku akalitia injini kali zaidi, springi ngumu zaidi, breki kubwa na viti vinavyomshika dereva mbavuni, bila kuligusa lile lililowafanya watu walinunue tangu mwanzo, yaani viti vya nyuma, nafasi ya mizigo na matumizi ya mafuta yanayovumilika. Gari lililopoteza mambo hayo matatu, hata liwe na kasi namna gani, limeshatoka katika ukoo huu.

Anza na kalamu na karatasi

Kabla hujafungua boneti, tafuta namba mbili, nguvu farasi na uzito, kisha ugawanye ya kwanza kwa ya pili ili upate nguvu kwa kila tani. Volkswagen Golf GTI ya kwanza, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, ilikuwa na injini ya sentimita za ujazo 1,588 yenye nguvu farasi 110, na uzito wake ulikuwa kilo 810. Hesabu inakupa 136 kwa tani. Golf GTI ya kizazi cha nane, ya mwaka 2020, ina nguvu farasi 245 na uzito wa kiasi cha kilo 1,450, nayo inakupa 169. Nguvu imezidi maradufu, lakini uwiano umepanda kwa takriban robo tu. Sasa weka katikati yao Honda Civic Type R ya mwaka 1997, ile inayojulikana kwa alama ya EK9: nguvu farasi 185, kilo 1,070, jibu 173. Yaani gari lisilo na tabo (kifaa cha kuisukumia injini hewa zaidi), lenye injini ya lita 1.6, lililotangulia kwa zaidi ya miaka 20, bado liko juu kidogo ya Golf mpya katika hesabu hii.

Kuna mitego miwili. Wa kwanza ni vipimo: nguvu farasi ya Ulaya na Japani, inayoandikwa PS, ni ndogo kidogo kuliko ile ya Uingereza na Marekani, na vitabu vya siku hizi hutumia kilowati, kwa hiyo badilisha zote ziwe za aina moja kabla ya kulinganisha, kilowati 1 ni sawa na PS 1.36. Wa pili ni uzito: kwa kanuni ya Ulaya uzito wa gari mara nyingi huhesabiwa pamoja na kilo 75 za dereva na mzigo mdogo, ilhali nyaraka nyingine hupima gari likiwa tupu. Kilo 75 juu ya gari la kilo 800 ni karibu sehemu moja ya kumi na moja, na hilo si jambo la kupuuzwa.

Hesabu ya pili iko kwenye tairi, na hii napenda kuifanya nikiwa nimechuchumaa kando ya gurudumu, kwa sababu inaonyesha historia yote kwa namba tatu. Golf GTI ya kwanza ilivaa tairi za 175/70 R13. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu wa tairi kwa asilimia ya upana huo, na ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Asilimia 70 ya 175 ni milimita 122, ambazo ni zaidi ya upana wa kiganja cha mtu mzima. Civic Type R ya mwaka 2017 ilitoka kiwandani na tairi za 245/30 R20, ambazo ubavu wake ni milimita 73 tu. Rimu ilibidi ikue kwa sababu breki zilikua, breki zilikua kwa sababu gari lilizidi uzito na kasi, na tairi ilibidi ipungue kimo ili gurudumu zima lisipite kiasi. Matokeo yake ni kwamba gari jipya hupinda kona kwa wepesi wa ajabu, lakini shimo moja barabarani linaweza kupinda rimu ambayo gari la zamani lisingehisi lolote. Kila unapokagua gari lenye tairi za namna hiyo, pitisha vidole kwenye ukingo wa ndani wa rimu, ule usioonekana ukiwa umesimama; rimu iliyogonga shimo huanza kupindia hapo.

Uzito huo haukuongezwa kwa uzembe. Mihimili ya kuzuia gari lisibondeke ubavuni, mifuko ya hewa, kiyoyozi, vifaa vya kupunguza kelele, na mwili mpana zaidi wa gari zima, vyote vina uzito wake, na mtu aliyewahi kuona gari la miaka ya 1970 lililogongwa hatalalamika kuhusu mihimili hiyo. Ninachosisitiza ni kwamba uzito hulipiwa kila unapofunga breki na kila unapopinda, hata kama injini imeongezewa nguvu ya kuuficha wakati wa kuondoka.

Gari la zama za kwanza: kagua mabati kabla ya injini

Mizizi ya hachibaki za michezo iko kwenye Mini Cooper ya mwaka 1961, ambayo yenyewe haikuwa hachibaki kwa kuwa ilikuwa na kifuniko cha buti cha kawaida, lakini ndiyo iliyothibitisha kwamba gari dogo lenye injini iliyolazwa kwa upana na magurudumu ya mbele yanayovuta linaweza kuyashinda magari makubwa. Mini zilishinda mbio za Monte Carlo mwaka 1964, 1965 na 1967. Kisha zikaja Autobianchi A112 Abarth ya Italia na Simca 1100 Ti ya Ufaransa. Hata hivyo ni Golf GTI iliyolifanya wazo hilo kuwa biashara. Ilianza kama kazi ya wahandisi na wafanyakazi wachache waliokuwa na hamu nayo, akiwemo Alfons Löwenberg, na kampuni ilipokubali kuitengeneza ilikusudia magari 5,000 tu. Kizazi hicho cha kwanza peke yake kiliishia kupita magari 460,000. Kitambaa cha miraba cha viti vyake na kirungu cha gia chenye umbo la mpira wa gofu vilibuniwa na Gunhild Liljequist, na kitambaa hicho bado kinarudiwa kwenye magari ya sasa.

Jambo la kiufundi lililoitofautisha ni mfumo wa Bosch K-Jetronic wa kupuliza mafuta kwa shinikizo, uliochukua nafasi ya kabureta. Ni mfumo wa kimakanika usio na kompyuta, na ukiwa safi hudumu miaka mingi sana. Adui yake ni uchafu. Bomba la chuma linalopitisha mafuta kutoka kwenye kifuniko hadi kwenye tangi hupata kutu kwa ndani, kutu hiyo hushuka tangini, na kutoka hapo huenda kuziba sehemu nyembamba za mfumo. Kwa hiyo fungua kifuniko cha mafuta, mulika ndani kwa tochi, na ukiona chuma kimekuwa cha rangi ya matofali na kinapukutika, jua kwamba injini inayosumbua kuwaka asubuhi huenda haina ubaya wowote yenyewe. Baada ya hapo kagua kingo za chini za milango, mihimili ya pembeni chini ya milango, na sehemu shokapu za mbele zinapofungwa kwenye mwili wa gari. Beba sumaku ndogo iliyofungwa kwenye kitambaa. Mahali isiponata, bati limeondoka na kitu kingine kimejazwa chini ya rangi. Injini ya gari la umri huu hutengenezeka kwa urahisi na fundi yeyote mwenye subira, lakini mwili uliooza ni kazi ya miezi.

Peugeot 205 GTI, iliyoanza mwaka 1984 ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu farasi 105, na kupata nduguye wa lita 1.9 wa nguvu farasi 130 mwaka 1986, inahitaji uchunguzi wake wa pekee. Simama nyuma ya gari, hatua kumi hivi, kwenye ardhi tambarare, kisha uyatazame magurudumu ya nyuma. Yakiwa yameegemea ndani kwa upande wa juu, kama mtu aliyebana mabega, beringi za ekseli ya nyuma zimekwisha. Gari hili halina springi za kuzunguka huko nyuma bali lina nondo za chuma zinazosokotwa gurudumu linapopanda, na mikono inayobeba magurudumu huzungukia ndani ya bomba la ekseli. Maji yakiingia, beringi huliwa, na zikiachwa huila ekseli yenyewe. Fundi anayekuambia kwamba ni suala la kupanga tu magurudumu hajalielewa gari hilo.

Unapoliendesha, kumbuka kwamba uhodari wake na hatari yake ni kitu kimoja. Gari jepesi lenye ekseli ya nyuma inayokubali kuzunguka hugeuka mara tu unapogusa usukani. Lakini ukiingia kona kwa kasi kisha ukaondoa mguu ghafla kwenye kichapuzi, uzito wote hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma yanabaki mepesi, na mkia wa gari hutoka kutaka kutangulia. Magari ya sasa yana kompyuta inayofunga breki ya gurudumu moja moja kuzuia hali hiyo, ilhali 205 haina chochote ila mikono yako. Punguza mwendo kabla ya kona, ingia ukiwa na mguu umegusa kichapuzi kidogo, na uache kuutoa hadi umalize kupinda. Kwa anayeanza ningependekeza ile ya lita 1.6 kuliko ya 1.9, kwa sababu injini yake hupenda kuzungushwa na nguvu yake huja polepole kiasi cha kumpa dereva nafasi ya kujifunza.

Tabo ndogo na subira

Katika miaka hiyo hiyo ya 1980 wapo watengenezaji waliochagua njia nyingine, kuichukua injini ndogo na kuilazimisha kumeza hewa zaidi kwa tabo. Renault 5 GT Turbo ya mwaka 1985 ilitoa nguvu farasi 115 kutoka kwenye injini ya zamani ya sentimita za ujazo 1,397, na bado ilikuwa na kabureta, ambayo kwenye joto la tabo ilihitaji feni yake ndogo ya kuipoza hata baada ya injini kuzimwa. Upande wa Japani, Toyota Starlet GT Turbo na baadaye Glanza V zilipata nguvu farasi 135 kutoka lita 1.3.

Gari la aina hii lijaribu kwa namna mbili. Kwanza liendeshe hadi lipate joto kamili, lizime, subiri dakika 15, kisha uliwashe tena. Likikataa kuwaka au likitetemeka kwa muda mrefu, mfumo wake wa mafuta unapata joto kupita kiasi. Pili, ukiwa gia ya tatu kwenye mwendo mdogo, kanyaga kichapuzi hadi chini na usikilize. Kwanza hakutatokea kitu, kwa kuwa tabo inangoja moshi wa kutosha kuizungusha. Kisha utasikia mluzi, na gari litaruka mbele. Kuchelewa huko ni kwa kawaida katika zama hizo. Mluzi unaogeuka kuwa mlio wa king'ora, au moshi wa bluu unaotoka nyuma unapoachia kichapuzi, si kawaida, na maana yake oili inapita kwenye tabo. Jambo la tatu si jaribio bali ni swali kwa mwenye gari: je, shinikizo la tabo limewahi kuongezwa? Injini ndogo hizi ni rahisi kuongezewa nguvu, na nyingi zimeongezewa na vijana waliokuwa na haraka kuliko fedha za kununua pistoni imara.

Miaka ya 1990, kwa ufupi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 nchini Uingereza magari haya yaliibwa na kugongwa mno hata bima zake zikapanda kiasi cha kuyafukuza sokoni, na wakati huo huo kanuni za Ulaya zilizoanza mwaka 1992 zikalazimisha vichujio vya moshi vilivyopunguza nguvu za injini. Golf GTI ya kizazi cha tatu ilipita kilo 1,000 ikiwa na nguvu farasi 115 tu, na haikumfurahisha aliyeijua ya kwanza. Magari mawili ya muongo huo yanafaa kutafutwa. Renault Clio Williams ya mwaka 1993, ya lita 2.0 na nguvu farasi 150, iliyokusudiwa kuwa magari 3,800 na ikazidi 12,000, ni moja. Nyingine ni ile Civic EK9, iliyouzwa Japani peke yake.

EK9 ihakikishe kwa namba ya chasisi, ambayo lazima ianze na herufi hizo hizo, kwa sababu Civic nyingi za kawaida zimevalishwa viti vyekundu na alama nyekundu. Ukishahakikisha, ijaribu kwa kuipandisha mizunguko ikiwa na joto la kutosha. Hadi karibu mizunguko 6,000 kwa dakika ni gari dogo la kawaida. Hapo mfumo wake huhamia kwenye sehemu ya kamshafti inayofungua valvu kwa kina na kwa muda mrefu zaidi, sauti hubadilika kama mtu aliyefungua mlango wa chumba chenye muziki, na nguvu huendelea kupanda hadi mizunguko 8,200. Mabadiliko hayo yasipotokea, angalia kwanza kiwango cha oili, kwa kuwa ni shinikizo la oili linaloyaendesha.

Magurudumu mawili ya mbele yanapobebeshwa mzigo

Hapa ndipo pana mambo mengi zaidi, na hapa ndipo hachibaki za michezo zilipobadilika kweli. Magurudumu ya mbele ya magari haya hufanya kazi tatu: yanavuta gari, yanaligeuza, na yanabeba sehemu kubwa ya kazi ya kufunga breki. Nguvu farasi 110 haziyasumbui. Zikifika 200 na kuendelea, dereva anaanza kuhisi usukani ukimvuta upande anapokanyaga mafuta, na kwenye kona gurudumu la ndani, lililopunguziwa uzito, huzunguka bure na kuzitupa nguvu zote kwa moshi wa tairi.

Dawa ya kwanza ilikuwa difu inayobana mtelezo, ambayo badala ya kuruhusu nguvu ikimbilie gurudumu linaloteleza, huirudisha kwa lile linaloshika. EK9 ilikuwa nayo, na Ford Focus RS ya mwaka 2002, yenye nguvu farasi 215, ilikuwa nayo pia, ingawa kwenye barabara mbovu usukani wake ulijulikana kwa kupigana na dereva. Dawa ya pili ilikuwa kutenganisha mhimili wa kugeuzia gurudumu na mguu wa shokapu, ili umbali kati ya mhimili huo na kitovu cha gurudumu upungue na nguvu ya injini ikose wenzo wa kuuvuta usukani. Renault ilifanya hivyo kwenye Mégane RS ya mwaka 2004, Ford kwenye Focus RS ya mwaka 2009 iliyopeleka nguvu farasi 305 kwa magurudumu ya mbele pekee, na Honda kwenye Civic Type R zake zenye tabo. Civic ya mwaka 2017, yenye nguvu farasi 320, ilizunguka uwanja wa mbio wa Nürburgring nchini Ujerumani kwa dakika 7 na sekunde 43.8, ikiwa bado inavutwa na magurudumu ya mbele, na mtu aliyeamini miaka ya 1980 kwamba jambo hilo haliwezekani asingelaumiwa.

Kulijua gari lako liko wapi katika safari hiyo, tafuta barabara pana, iliyonyooka na isiyo na magari. Ukiwa gia ya pili, mwendo wa kilomita 30 kwa saa, shika usukani kwa wepesi, vidole tu, kisha ukanyage kichapuzi kwa haraka. Kuvuta kidogo kushoto na kulia kunakofuata mabonde ya barabara ni tabia ya gari. Kuvuta upande mmoja kila mara si tabia bali ni ugonjwa: tairi mbili za mbele zisizolingana, bushi za mikono ya chini zilizolegea, au gari lililowahi kugongwa. Halafu zunguka polepole kwenye uwanja mtupu, usukani ukiwa umekatwa karibu hadi mwisho, na uongeze mafuta taratibu. Gari lenye difu hiyo ikiwa nzima huvuta pua yake ndani ya kona. Lisilo nayo, au ambalo difu yake imechoka, hupanua mzunguko huku gurudumu la ndani likilia.

Wengine waliepuka mgogoro huo kwa kupeleka nguvu kwenye magurudumu yote manne. Lancia Delta Integrale ilitangulia mwaka 1987, na Golf R32, Audi S3 na Mercedes A 45 zikafuata kila moja kwa namna yake. A 45 S ya mwaka 2019 inatoa nguvu farasi 421 kwenye injini ya lita 2.0, kiasi ambacho zamani kilihitaji injini kubwa mara mbili. Katika magari haya kagua tairi zote nne: ziwe za aina moja na zilizolika sawa, kwa sababu tairi moja mpya miongoni mwa tatu zilizochakaa huzunguka kwa mwendo tofauti na kuichosha klachi inayounganisha ekseli ya nyuma. Uliza pia klachi hiyo ilibadilishiwa oili lini. Wengi hawajui kama ina oili yake.

Toyota GR Yaris ya mwaka 2020 naitaja peke yake kwa kuwa imerudi kwenye hesabu tuliyoanza nayo. Ina injini ya silinda tatu, lita 1.6, nguvu farasi 261 kwa Ulaya, paa la nyuzi za kaboni, na uzito wa kilo 1,280, yaani 204 kwa tani, na dereva anaweza kuchagua nguvu igawanywe 60 kwa 40, 30 kwa 70, au nusu kwa nusu kati ya mbele na nyuma. Ni gari lililotengenezwa kwa ajili ya kanuni za mashindano ya rali, na ndiyo maana lina milango mitatu wakati ambapo karibu kila mtengenezaji mwingine ameiacha.

Gia na kompyuta

Golf R32 ya mwaka 2003 ndiyo iliyoleta sokoni giaboksi ya klachi mbili, DSG, ambapo klachi moja inashika gia unayotumia huku nyingine ikiwa imeshaiandaa inayofuata. Inabadilisha gia kwa kasi ambayo mkono hauwezi, na leo Golf GTI mpya haipatikani tena na gia za mkono. Ijaribu kwa kurudi nyuma polepole kwenye mwinuko mdogo. Ikitikisika au kusita, klachi zimechoka au oili imepitwa na wakati, kwani zile za gia sita huhitaji oili mpya kila baada ya kilomita 60,000 hivi. Kwenye Golf GTI ya kizazi cha tano, ya mwaka 2004, mwombe fundi afungue pampu ya mafuta ya shinikizo kubwa na akague kikombe kidogo cha chuma kinachokaa kati yake na kamshafti. Kikichimbika hadi kutoboka, kamshafti nayo huharibika.

Magari mengi ya Ulaya ya baada ya mwaka 2018 yana kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi, nacho kinameza sauti pia, hivyo baadhi ya mngurumo unaousikia ndani unatoka kwenye spika. Zima mfumo huo kwenye mipangilio unapokagua, ili uisikie injini yenyewe. Pia liendeshe gari katika mpangilio wa kawaida kabla ya ule wa michezo. Gari linalopendeza tu baada ya vitufe vitatu kubonyezwa lina kasoro ambayo programu inaifunika.

Zama za umeme

Ford ilisitisha Fiesta mwaka 2023, na Fiesta ST, ile ya michezo, ikaondoka nayo. Nafasi ya magari kama hilo inachukuliwa taratibu na ya umeme. MG4 XPower ya mwaka huo huo ina nguvu farasi 435 na hufika kilomita 100 kwa saa kwa sekunde 3.8, ikiwa na uzito wa kiasi cha kilo 1,800. Kwa nguvu na kwa kasi ya kuondoka, kwenye karatasi inawashinda wote tuliowataja. Alpine A290 ya mwaka 2024 ina nguvu farasi 220, betri ya kilowati-saa 52 na kilo 1,479, ambazo ni 149 kwa tani, juu kidogo ya ile Golf ya mwaka 1976. Kati ya hizo mbili mimi ningeanza kwa kuijaribu ya pili, kwa sababu waliotengeneza wamepigana na uzito badala ya kuuzidi nguvu.

Jaribio la gari la umeme lisikome kwenye kuondoka, ambako yote hupendeza. Tafuta barabara yenye kona, uliendeshe kwa bidii kwa dakika 20 mfululizo, na uangalie mambo matatu: kama kanyagio la breki linabaki gumu na lenye hisia ile ile pale mota inapoacha kulipunguza gari mwendo na breki za kawaida kushika, kama nguvu inapungua betri ikipata joto, na kama ubavu wa gari unalala kwenye kona ya tatu kuliko ulivyolala kwenye ya kwanza. Andika asilimia ya betri kabla ya kuondoka na baada ya kurudi, pamoja na kilomita ulizokwenda. Kisha simama, shuka, na upitishe kiganja juu ya tairi za mbele bila kuzigusa: tairi yenye joto kali upande wa nje kuliko wa ndani inakuonyesha uzito wote ulikuwa ukiegemea wapi.